Hela ya Fulana Kwanza, Hosteli Baadaye

Mwezi uliopita nilizunguka vyumba kumi na saba vya bweni letu nikiwa na daftari la kamati ya makazi mkononi. Kazi niliyopewa ilikuwa nyepesi kuisema: kuwashawishi wanachuo wenzangu watoe shilingi 50,000 kila mmoja bumu likitoka, ili serikali yetu ya wanafunzi ikodi nyumba nje ya chuo kwa miaka mitatu, iikarabati na kuigeuza hosteli. Nilikuwa na kipeperushi cha rangi, picha ya nyumba iliyopigwa asubuhi jua likiwa zuri, na mstari mmoja wa herufi kubwa: FAIDA ASILIMIA 20 KWA MWAKA. Vyumba kumi na saba, majina manne.

Katika chumba cha mwisho, dada mmoja ninayesoma naye alinisikiliza bila kunikatisha. Akakitazama kipeperushi mbele na nyuma, akanirudishia, akauliza: "Na ile chenji ya fulana, mweka hazina?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wenzangu wa darasani wanaijua hiyo habari. Tukiwa mwaka wa pili nilikuwa mweka hazina wa darasa. Tulichanga 15,000 kila mtu, watu 84, tutengeneze fulana. Fundi akatutoza 13,000 kwa fulana moja. Zikabaki 168,000. Sikuziiba. Zilienda kwenye nauli za kufuata mzigo, chakula cha waliobeba, vocha, karatasi za matangazo. Lakini sikuandika popote na sikusoma hesabu mbele ya darasa, na kwa kuwa hakuna aliyeuliza nikadhani yamekwisha. Kumbe hayakwisha. Watu waliyahifadhi tu.

Nimeandika makala hii kwa sababu Jumamosi Bunge letu linapigia kura mradi wa hosteli, na nadhani tunajadili kitu kisicho chenyewe. Tunabishana kuhusu nyumba: iko mbali au karibu, ina kisima au haina, vyumba vinatosha au havitoshi. Hoja yangu ni kwamba kinachofanya watu watoe hela kwa ajili ya majengo si jengo. Ni historia ya kurudisha, na ni yule anayeomba kukubali kuumia pamoja na anayetoa. Sisi hatuna la kwanza na hatujaonyesha la pili. Tukilazimisha hivyo hivyo, tutakosa hela, au tutaipata halafu tuwaumize watu. Hilo la pili ndilo linalonitisha.

Shida yenyewe, kiukweli, ni kubwa. Vitanda vya chuo havitoshi, kila mtu analijua hilo. Anayekosa anakwenda kutafuta gheto, anakutana na dalali anayetaka kodi ya mwezi mzima kwa kumwonyesha mlango, na mwenye nyumba anayetaka miezi sita mkononi wakati bumu bado halijasomeka. Nawafahamu watu waliolala chini kwenye chumba cha mwenzao muhula mzima. Kwa hiyo sipingi hosteli. Napinga namna tunavyoiombea hela.

Baada ya aibu ile ya chumba cha kumi na saba nilikwenda maktaba. Mimi nasomea ualimu, si fedha, lakini nilitaka kujua wale wanaochangisha hela za majengo kwa mabilioni wanasema nini mlangoni mwa watu.

Ile ni kazi kamili. Meneja anakusanya fedha kwa mifuko ya pensheni, kampuni za bima na vyuo vikuu vyenye akiba, ananunua majengo, anayaendesha na kuyakarabati, kisha anayauza na kugawana faida. Fedha hufungwa muda mrefu, mara nyingi miaka kama kumi. Meneja anapata ada ya kila mwaka, na mambo yakienda vizuri anachukua sehemu ya faida, kwa desturi asilimia 20. Lakini katika mikataba mingi hagusi sehemu hiyo mpaka wachangiaji wafikishe kwanza kiwango walichokubaliana, mara nyingi asilimia 8 kwa mwaka. Na jambo lililonishangaza: hela haitolewi yote siku ya kwanza. Mchangiaji anaahidi, halafu meneja anamwita alete kidogo kidogo kila jengo linapopatikana.

Mkubwa kuliko wote katika kazi hiyo ni kampuni ya Marekani iitwayo Blackstone. Ilianzishwa mwaka 1985 na watu wawili, Stephen Schwarzman na Peter Peterson, kwa mtaji wa dola 400,000. Hawakuwa watoto wa mtaani. Peterson aliwahi kuwa waziri wa biashara wa Marekani na kiongozi wa benki ya Lehman Brothers, na Schwarzman alitoka benki hiyo hiyo. Walijuana na wakubwa. Hata hivyo, walipozunguka kuomba fedha za mfuko wao wa kwanza, ambao haukuwa wa majengo bali wa kununua makampuni, waligonga milango mingi wakakataliwa. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa hawajawahi kuendesha mfuko. Majina walikuwa nayo, ila hawakuwa na rekodi ya kurudisha hela ya mtu kwa kazi ile.

Aliyewafungulia ni kampuni ya bima ya Prudential, iliyotoa dola milioni 100. Lakini haikutoa kwa sababu ya maneno matamu. Iliweka sharti kwamba waanzilishi wasichukue faida mpaka wachangiaji wapate asilimia 9 kwa mwaka. Wakakubali. Prudential ilipoingia wengine wakafuata, na mwaka 1987 mfuko ule ulifungwa ukiwa na kama dola milioni 800.

Hapo nikapata jibu la swali ambalo najua mtaniuliza: asiye na historia ataanzaje? Anaanza kwa kukubali masharti magumu. Asiye na rekodi hana haki ya kujipendelea. Anakaa mwisho wa foleni ya kulipwa, na kila mtu anamwona amekaa hapo.

Upande wa majengo waliuanza miaka ya mwanzoni ya 1990, wakati bei za majengo Marekani zilikuwa zimeanguka na wauzaji wana haraka. Kuanzia hapo angalia mtiririko wa mifuko yao mikubwa ya majengo: mwaka 2012 walikusanya dola bilioni 13.3, mwaka 2015 bilioni 15.8, mwaka 2019 bilioni 20.5, na mwaka 2023 bilioni 30.4. Katikati ya hapo wapo watu walioona hela zao zikipita kwenye moto. Mwaka 2007 walinunua hoteli za Hilton kwa takriban dola bilioni 26, na mwaka uliofuata uchumi wa dunia ukaanguka. Watu wakasema wamekwisha. Wakazungumza upya na wenye madeni, wakaziendesha, wakauza hisa taratibu, wakatoka kabisa mwaka 2018 na faida ya karibu dola bilioni 14. Mfuko wa pensheni uliorudishiwa hela yake na faida baada ya kupita katika moto kama ule hauhitaji kipeperushi cha rangi. Simu moja inatosha.

Mfano ulionigusa zaidi, hata hivyo, unahusu chuo kikuu.

Blackstone ina mfuko mwingine wa majengo, uliofunguliwa mwaka 2017, ambao hata watu binafsi wanaweza kuingia. Unaitwa BREIT. Mfuko huo una kanuni: wanaotaka kutoa hela zao hawawezi kwa jumla kuzidi asilimia 2 ya thamani ya mfuko kwa mwezi, au 5 kwa robo mwaka. Mwishoni mwa mwaka 2022 waliotaka kutoka wakazidi kiwango. Kampuni ikasema subirini. Mnajua neno "subirini" likitoka kwa mtu mwenye hela zako linavyosikika.

Sasa, Januari 2023, mwezi mmoja tu baadaye, Chuo Kikuu cha California kikaingiza dola bilioni 4 katika mfuko huo huo, na kabla mwezi haujaisha kikaongeza milioni 500. Eti chuo kinaingia kupitia mlango ambao wengine wanapanga foleni kutoka? Kilichokifanya kiingie ni sharti. Kampuni ilikubali kwamba kwa miaka sita chuo kitapata angalau asilimia 11.25 kwa mwaka, na mwanzoni ikaweka rehani dola bilioni moja ya hisa zake yenyewe ndani ya mfuko. Ahadi isipotimia, hisa hizo zinafidia. Ahadi ikipita kiwango, kampuni inachukua mgawo wa ziada. Yaani kampuni haikusema "tuamini". Ilisema, "tukishindwa, hiki hapa chetu, kateni."

Ningeweza kuishia hapo nikasema tuwaige. Lakini kuna upande wa pili, na kwetu sisi ndio muhimu zaidi. Mwaka 2022 mfuko huo wa BREIT ulikuwa mnunuzi mkuu katika ununuzi wa American Campus Communities, kampuni kubwa ya hosteli za wanafunzi Marekani, kwa takriban dola bilioni 13 ukijumlisha madeni. Hosteli! Watu kama sisi, wenye ndoo na majiko ya umeme ya kuficha. Asilimia 11.25 ya mwenye hela inatoka wapi? Haidondoki kutoka mbinguni. Inatoka kwenye kodi na kwenye kupanda kwa bei ya jengo, ambako nako kunategemea kodi. Ndiyo maana chama cha wafanyakazi wa chuo hicho hicho, AFSCME 3299, kilipinga uwekezaji ule. Wanachama wake ni wapangaji pia. Waliona akiba ya chuo ikitumika kuwapandishia kodi watu wa hali yao.

Kwa hiyo kuchangisha kwa mafanikio ni jambo moja, na kuwa mradi mwema ni jambo jingine. Wazazi wetu hapa Tanzania hawahitaji mfano wa California kulielewa hili. Wanaikumbuka DECI. Watu "walipanda" hela na "kuvuna" zaidi ya walichopanda, na kwa kuwa wa kwanza walilipwa kweli, foleni zikawa ndefu mpaka serikali ilipoingilia kati mwaka 2009. DECI nayo ilikuwa na rekodi ya kurudisha! Tatizo ni kwamba ilikuwa inarudisha hela za waliokuja nyuma. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kwamba amewahi kulipa, muulize swali la pili: hiyo hela ilitoka wapi?

Naomba sasa tuulize swali hilo hilo kwenye kipeperushi chetu. Nimechukua namba za kamati yenyewe, sijaongeza hata moja.

Watu 600 wakitoa 50,000 tunapata milioni 30. Nyumba inakodishwa milioni 1 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka mwaka mzima: milioni 12. Zinazobaki, milioni 18, ni vitanda, milango, rangi, tangi la maji na vyoo. Nyumba ina vyumba kumi vya vitanda vinne vinne, yaani vitanda 40. Kitanda ni 60,000 kwa mwezi, miezi kumi ya masomo. Vikijaa vyote, mwaka unaingiza milioni 24. Mlinzi, umeme, maji na usafi ni 500,000 kwa mwezi, yaani milioni 6 kwa mwaka. Kodi ya mwaka unaofuata milioni 12. Zinabaki milioni 6.

Milioni 6 juu ya milioni 30 ni asilimia 20. Ndiyo hiyo "faida" ya kipeperushi.

Lakini twende mpaka mwisho wa mkataba. Mwaka wa kwanza zinabaki milioni 6. Mwaka wa pili milioni 6. Mwaka wa tatu hatulipi tena kodi ya mbele, kwa hiyo zinabaki milioni 18. Jumla milioni 30. Ndizo zile zile tulizochanga! Baada ya miaka mitatu, vitanda vikiwa vimejaa kila mwezi, pampu haijaungua hata mara moja, tumerudisha mtaji tu na tumebaki na vitanda vilivyochakaa. Rangi na vyoo ni vya mwenye nyumba. Tukiwapa watu milioni 6 kila mwaka tukiita faida, mwaka wa tatu wakidai mtaji wao wa milioni 30 watakuta milioni 18. Milioni 12 hazipo, na hakuna aliyeiba. Kama zile 168,000 zangu.

Simsemi mtu vibaya. Mwenyekiti wa kamati ni rafiki yangu, na naamini hakufanya makusudi. Alipiga hesabu ya mwaka mmoja, akaifurahia, akaipeleka kwa mchapaji. Mimi mwenyewe niliibeba vyumba kumi na saba bila kuifikisha mwaka wa tatu. Dada yule hakuwa amepiga hesabu yoyote, lakini alijua mahali pa kugusa.

Tungepandisha kitanda kuwa 80,000, faida ingepatikana. Lakini nani angelipa? Sisi sisi. Tungekuwa tunamtoza aliyekosa kitanda ili kumfurahisha aliyekuwa na 50,000 ya ziada. Hapo hakuna haja ya serikali ya wanafunzi. Madalali wapo wanatosha.

Ninachoomba Jumamosi ni mambo manne.

Kwanza, tuanze na vyumba vitatu, si nyumba nzima. Kwa hesabu zile zile ni milioni 9, watu 180. Tukishindwa tutakuwa tumeshindwa kidogo, na tukiweza tutakuwa na kitu ambacho leo hatuna: mtu anayesema "mimi walinirudishia".

Pili, neno "faida" lifutwe. Mwisho wa mwaka kila mchangiaji arudishiwe 10,000 yake, na risiti iandikwe wazi kwamba hii ni sehemu ya mtaji wako, imebaki 40,000. Ni asilimia 20 ile ile, ila kwa jina lake halisi. Atakayechangia ajue anawakopesha wenzake bila riba, na kwamba yeye au mdogo wake anaweza kuwa mwenye kitanda kesho. Wako watakaokataa. Afadhali wakatae sasa.

Tatu, wanakamati watangulie. Kila mmoja aweke mara nne ya anachomwomba mwenzake, na hela yake irudi baada ya wengine wote kurudishiwa. Na isikusanywe shilingi hata moja kabla mkataba wa nyumba haujasainiwa na kubandikwa ubaoni. Tuandikishe ahadi kwanza, hela iitwe baadaye.

Nne, kuwe na mlango wa kutokea. Mkataba ni miaka mitatu, lakini mwaka wa tatu tunamaliza mwakani. Anayeondoka aweze kumwachia mwenzake nafasi yake, aandikwe kwenye daftari, alipwe na huyo anayeingia. Wengi wetu tuna mama au shangazi mwenye vipande vya UTT. Huo si mfuko wa majengo, lakini muulize kwa nini hana wasiwasi tangu Mfuko wa Umoja ulipoanza mwaka 2005. Hatakuambia habari za asilimia. Atakuambia, "Nikitaka kutoa, natoa."

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana, nilikusanya madaftari ya kidato cha pili nikakaa nayo wiki mbili bila kusahihisha. Niliporudi kukusanya tena, nusu ya darasa hawakuleta. Walisema wamesahau nyumbani. Hawakuwa wamesahau. Nilisahihisha yale machache usiku ule ule nikayarudisha asubuhi, na wiki iliyofuata yakaja mengi zaidi. Sikuhitaji kuwahutubia juu ya uaminifu.

Bumu lilipotoka nilitenga 168,000. Zimeniuma, nisiseme uongo; maharage ya mama lishe yananijua kwa jina. Nimeanza kupita vyumba vile vile, mkononi nina orodha ya watu 84 na noti za elfu mbili mbili. Wengine wananicheka, wengine wanakataa kupokea, nawalazimisha wasaini. Mpaka ninapoandika nimewafikia 61.

Dada wa chumba cha kumi na saba alipokea yake, akaikunja, akasaini. Kisha akasema, "Haya, hebu kilete kile kipeperushi." Nikamwambia sina, namba zake si sahihi, tunaziandika upya. Akasema atasubiri.

Wamebaki 23. Kama jina lako limo, chumba changu unakijua.

Mwandishi ni mwanafunzi wa shahada ya ualimu, mwaka wa pili anayemalizia muhula wa mwisho, na mweka hazina wa zamani wa darasa lake.